Besi ya hedifoni iko kwenye pedi, boksi halina habari nayo

Mpwa wangu alituma shilingi 2,500 kwa duka moja la Mombasa, akaletewa hedifoni kwa basi mpaka Mokowe, zikavuka kwa boti mpaka hapa Amu, yaani Lamu. Boksi jeusi, maandishi mekundu, kila ubavu umeandikwa besi, yaani zile sauti nzito za chini. Akachomeka kwenye laptopu, akaweka chakacha anayoipenda, akakunja uso. "Mamdogo, hebu sikiza. Mbona vumi haliko?" Nikasikiza. Kweli halikuwako. Palikuwa na mngurumo fulani wa katikati uliomfunika mwimbaji, na chini yake patupu. Alipopiga simu dukani akajibiwa kuwa mali ikishafunguliwa hairudishwi.

Pesa ile aliipata kwa kubeba mizigo gatini likizo nzima, na ameuziwa wino mwekundu. Ndiyo maana nimekasirika. Halafu sisi wa visiwani ndio tunaoumia zaidi. Aliyeko Nairobi anaweza kurudi dukani jioni hiyo hiyo akadai haki yake uso kwa uso. Sisi tukitaka kudai tunalipa boti, tunalipa kifurushi, na siku nzima imekwenda. Kwa hiyo mtu wa Amu lazima ajue anachonunua kabla pesa haijamtoka mkononi. Na kwa anayependa besi bila kuwa na pesa nyingi, cha kuangalia kwanza ni kimoja: hedifoni inalizibaje sikio lake.

Besi ya hedifoni ni hewa iliyonaswa. Sauti ya Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), pale ngoma nzito inapopiga, ina urefu wa mawimbi wa karibu mita 7 ikiwa hewani. Kispika cha milimita 40 kilichomo ndani ya hedifoni hakina ubavu wa kusukuma hewa ya chumba kwa kiasi hicho. Lakini ile hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na sikio lako kinaweza kuisukuma na kuivuta vizuri sana, maadamu hewa haina pa kutokea. Ukiacha upenyo, hata wa unene wa mkono wa miwani, presha inavuja, na sauti za chini ndizo zinazotangulia kupotea. Za juu zinabaki palepale. Mtu anasema hedifoni ni mbovu, kumbe ni nzuri ila haimkai.

Jaribu mwenyewe. Weka wimbo wenye besi ndefu isiyokatika. Vaa hedifoni kama kawaida, kisha weka viganja viwili juu ya vikombe vinavyofunika masikio na uvibonyeze taratibu kuelekea kichwani. Besi ikipanda ghafla ulipobonyeza, jua kwamba ulipokuwa hujabonyeza ilikuwa inavuja. Sasa inua ukingo wa pedi moja, ule mto wa kikombe unaogusa kichwa, kwa ncha ya kidole, chini ya ndewe, pale taya inapoanza. Utasikia chini kote kunaondoka kwa upenyo wa kidole kimoja tu. Hapo chini ya ndewe ndipo pedi nyingi za bei rahisi zinaposhindwa, kwa sababu kichwa kina bonde na pedi ni ngumu, haina sponji ya kutosha kulijaza. Muuzaji anayekwambia habari za besi bila kukuruhusu kufanya jaribio hili hana la kukwambia.

Na sasa niseme jambo ambalo katika ushauri wote wa hedifoni ninaosoma sijaona mtu analigusa, na linatuhusu nusu ya mji huu. Sisi tunaovaa mtandio. Ukivaa hedifoni juu ya mtandio, kitambaa kinapitisha hewa, mikunjo yake inaacha njia pande zote, na besi uliyoilipia inatoka kwa njia hizo. Nawaona wasichana kwenye saiba wamejifunga vizuri, hedifoni kubwa juu, sauti imepandishwa mpaka mwisho kutafuta besi ambayo haiwezi kuja kwa namna ile. Wanaumiza masikio yao bure. Nyumbani, vaa hedifoni kwanza, mtandio ukitaka uje juu yake. Ukiwa nje, achana na vikombe kabisa. Nunua zile ndogo za waya za kuchomeka ndani ya sikio, zenye vipira, uzipitishe chini ya kitambaa. Kipira kinachokutosha kinaziba kuliko pedi yoyote, na hizi za ndani ya sikio zinaweza kushusha besi chini kuliko hedifoni kubwa zenye bei mara mbili yake. Ila jaribu saizi zote zilizomo kwenye pakiti, na sikio la kulia linaweza kutaka saizi tofauti na la kushoto. Wengi huacha kipira kilichokuja kimevalishwa, na vingine vinabaki kwenye mfuko wa plastiki mpaka vinapotea.

Wenye miwani, ninyi pia. Tafuteni pedi nene na laini, na miwani yenye mikono myembamba.

Kwa hedifoni kubwa basi, ya kwanza iwe ya vikombe vinavyolizunguka sikio zima, vilivyofungwa nyuma. Zilizo wazi nyuma zina uzuri wake kwa ala za nyuzi kama kanuni na udi, lakini hewa inatoka na besi ya chini kabisa inatoka nayo. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna Koss Porta Pro, zinazouzwa tangu 1984, zina sponji nyepesi tu na ziko wazi, na bado watu wanazisifia besi yake. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo besi yake imevimba zaidi upande wake wa juu kuliko ule wa chini kabisa, na aliye jirani yako anasikia kila kitu.

Maandishi ya boksi hayatakusaidia. "Hz 20 hadi 20,000" ndio upeo wa kusikia wa binadamu, na karibu kila boksi linauandika. Bila kuambiwa sauti inashuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi huko mwisho, nambari hiyo haina maana. Kispika cha milimita 50 hakimaanishi besi kubwa kuliko cha 40. Omu, kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme, kwa anayesikilizia kwenye laptopu, chagua 32 au karibu na hapo: Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, hutengenezwa za omu 32, 80 na 250, na hiyo ya 250 jeki ya laptopu nyingi haiwezi kuiamsha sawasawa.

Bluetooth sina ugomvi nayo kwenye simu. Kwenye kompyuta ya Windows, mara nyingi maikrofoni yake ikifunguka tu kwa ajili ya mkutano, muziki unageuka sauti nyembamba ya simu. Kwa pesa ndogo, waya. Kila shilingi iende kwenye kispika na pedi, isiende kwenye betri.

Kuna wanaosema kupenda besi ni ushamba. Hilo silikubali hata kidogo. Aliyesimama karibu na ngoma siku za Maulidi anajua kwamba ngoma husikiwa kwa kifua kabla ya sikio, na anayetaka kupata angalau sehemu ya hilo kwenye kompyuta yake usiku hajakosa ustaarabu. Na wataalamu wako upande wetu. Mwaka 1933, Fletcher na Munson, watafiti wa maabara ya Bell Labs ya Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, na linazidi kuwa zito kadiri sauti inavyopunguzwa. Ukisikiliza kwa sauti ndogo watu wakiwa wamelala, besi unayoikosa imepunguzwa na sikio lako mwenyewe, na kuiongeza ni kuirudisha. Mtafiti Sean Olive na wenzake wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman nao, katika miaka ya 2010, waliwasikilizisha watu hedifoni zilizopangwa kwa namna mbalimbali, na wengi walipendelea besi iliyoinuliwa kiasi. Kwa hiyo inua.

Lakini inua kwenye kompyuta, ambako ni bure. Kuna programu za kurekebisha sauti: Windows ina Equalizer APO, Linux ina EasyEffects, zote hazilipishwi. Weka kichujio kinachopandisha kila kilicho chini ya Hz 100 kwa desibeli 5, kisha ushushe sauti ya jumla kwa desibeli 5 hizo hizo. Hatua ya pili ndiyo watu wanayoiruka, halafu wanalalamika kuwa sauti inapasuka. Hedifoni ya kawaida inayoziba vizuri, ikipata marekebisho hayo, itaipita ile ya boksi lenye maandishi mekundu, kwa sababu mngurumo wa katikati hauko na mwimbaji anabaki peupe. Ile inayovuja ukiiongezea, unaongeza na kumwaga palepale, mpaka kispika kinalemewa na kuanza kukoroma.

Hapa naomba vijana wanisikilize. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila sauti inapopanda saa hizo zinapungua haraka. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Anayeipata besi kwa kuziba sikio vizuri hahitaji kupandisha sauti, na kelele za nje pia zimepungua. Anayeitafuta kwa kupandisha sauti atakuja kuipoteza pamoja na sauti ya watoto wake.

Kuhusu hali ya hewa yetu: ngozi bandia ya pedi haiwezani na joto la kaskazi na jasho. Itachanika, itaanza kuacha vipande vyeusi shavuni, na siku inayochanika besi nayo inapungua, kwa sababu pedi haizibi tena. Ipanguse kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, usiiache juu ya laptopu yenye moto. Kabla ya kununua, uliza kama pedi zinatoka na kama za akiba zinapatikana. Zilizogundishwa moja kwa moja zikichanika ndio mwisho wake. Pedi za kitambaa cha mahameli hazichomi sikio, lakini zinavujisha, na besi utaiona imepungua.

Na ninyi wenye maduka ya simu hapa mjini: toeni jozi moja ya kila aina nje ya boksi, muweke na pamba na spiriti ya kupangusia pedi, mteja akae dakika tano na laptopu yake mwenyewe. Wengi wetu tunaagiza Mombasa kwa sababu hapa boksi halifunguliwi mpaka ulipe, na kule pia halifunguliwi. Atakayeanza kulifungua, nitamletea wateja mwenyewe, nikianzia na wanawake wote wa ukoo wangu.