Mia Nyingine ya Brazil

Jamani, kahawa ya kijiweni sasa mia mbili. Kikombe kile kile, unameza mara mbili unaona kitako. Sukari nilinyamaza, nauli nilinyamaza, mwenye nyumba ndiyo kabisa. Lakini kahawa?

Nimefika hapa Majengo, Dodoma, nikakunja nne kama mtu mwenye wizara yake, nikaweka sarafu ya mia. Mzee akaitazama, akanitazama.

"Mwanangu, imebaki nyingine."

"Shikamoo, mzee wangu. Nyingine ya nini?"

"Marahaba. Ya Brazil."

Akatua birika, ndiyo nikajua nimekwisha. Eti Brazil ndiyo inaongoza kwa kahawa duniani, na mwaka 2021 baridi iliunguza mibuni yao. 2024 ukawapiga ukame. Vietnam, wa pili kwa kulima, nao mvua zikawagomea. Wanywaji hawajapungua hata mmoja, buni ndiyo imepungua, basi wenye hela wanagombania. Februari 2025 ratili ya arabika, aina mojawapo ya kahawa, kwenye soko la New York ikavuka dola nne.

"Si wapande mingine?"

"Mbuni ukipanda leo, unachuma baada ya miaka mitatu, minne. Wewe utavumilia?"

Benchi zima likaguna. Nikajitutumua: "Mzee wangu, kwani hii si ya Kagera?"

"Ya Kagera. Lakini mwenye buni wa Kagera naye ana redio, bei ya soko la London anaisikia. Akuuzie kwa huruma?"

"Sawa. Na huko wakivuna vizuri, utashusha?"

Hapo mzee akakumbuka kwamba jiko linataka kupepewa.

Kashata nayo imepanda. Karanga za Kongwa hizi, hapo hapo Waingereza walipokuja na matrekta yao mwaka 1947 wakashindwa. Vietnam imeingiaje kwenye karanga?

Na hawa wenye vitambulisho shingoni, tangu wizara zihamie Dodoma, anatoa noti anasema "baki nayo, mzee". Baki nayo! Halafu sisi tunaohesabu sarafu tunaambiwa ni soko. Mshahara wangu haujawahi kupigwa na baridi wala ukame, umekaa pale pale, hausikilizi redio!

Afadhali zabibu, zetu wenyewe. Msimu ukikolea zimejaa, wanakubembeleza mpaka unaona aibu. Msimu ukiisha, salamu tu hupati. Juzi dada mmoja kanipimia kwenye kopo, nikasema leo nimepata. Kufika nyumbani, kumbe kopo lilikuwa limebonyezwa chini hadi katikati. Na mke wangu ndiye aliyenituma…