Mjane Alitia, Matajiri Walikuwa Wakitia

Katika Marko 12, Yesu ameketi hekaluni kulielekea sanduku la sadaka. Matajiri wanatia fedha nyingi, kisha anafika mjane maskini na visarafu vyake viwili. Kigiriki kinatumia kitenzi kimoja kwa wote. Kilichobadilika ni wakati tu. Matajiri ni eballon, walikuwa wakitia, mmoja akitoka mwingine akiingia. Mjane ni ebalen, akatia. Biblia ya King James ya 1611 ikaandika "cast" kwa matajiri na "threw" kwa mjane. Msomaji wa Kiingereza anapewa badiliko la kitenzi ambalo Marko hakulifanya, na lile alilolifanya halioni.

Kasoro za namna hiyo ndizo walizotaka kuziondoa waliolipitia upya Agano Jipya hilo na kulitoa mwaka 1881. Walijitahidi aoristi, yaani wakati wa kitenzi cha Kigiriki unaolitaja tendo kwa ujumla kama ebalen, iwe wakati uliopita wa kawaida, na tendo lililokuwa likiendelea lionekane likiendelea. Mara nyingine walipatia kabisa. Katika Luka 5:6 toleo la zamani linasema wavu ulikatika. Wao wakaandika nyavu zilikuwa zikikatika. Hapo maana yenyewe imeokolewa, kwa kuwa mstari unaofuata samaki wanajaza vyombo viwili, na wavu uliokwisha kukatika hauleti samaki mashuani.

Lakini uaminifu wa kitenzi kwa kitenzi una gharama, na waliokilaumu Kiingereza chao kuwa kizito walikuwa na hoja. Aoristi ya Kigiriki ina eneo pana kuliko wakati uliopita wa Kiingereza. Katika Mathayo 9:18 baba anasema binti yake amekufa sasa hivi, na kitenzi chake ni aoristi. Sisi wenyewe tungesema "amekufa", si "alikufa". Luka 24:34 nayo ina aoristi, ēgerthē, na wasahihishaji hao hao wakaacha "is risen", yaani "amefufuka", kama ilivyokuwa. Kanuni ilisalimu amri mbele ya sikio, na nadhani ilifanya vema.

Paulo anawabana zaidi. Katika 1 Wakorintho 15 anasema Kristo alikufa, akazikwa, kisha anageuza: egēgertai, hali timilifu, amefufuliwa na yu hai hata sasa. Toleo la 1881 likafuata: "hath been raised on the third day". Shida ni kwamba hali timilifu ya Kiingereza haipendi kutajiwa siku. Kiswahili hakina ugomvi huo sana. "Amefika jana" husikika kila leo. Hata hivyo hapa ningewatetea, kwa sababu mgeuko huo Paulo ameuweka makusudi, na sura nzima inausimamia.

Nisiloweza kulitetea ni mahubiri yanayoifanya aoristi kuwa ushahidi wa jambo lililofanyika mara moja tu. Yohana 2:20 inasema hekalu lilijengwa kwa miaka 46, na kitenzi ni aoristi.

Kwangu, mfasiri aulize kwanza kama tukio lenyewe linabadilika. Katika Mathayo 3:14 Yohana diekōluen, yaani alikuwa akimzuia, Yesu asibatizwe. Toleo la 1611 linasema alimkataza, ilhali mstari unaofuata anakubali. Biblia yetu ya Union haikuhangaika kutafuta wakati wa kitenzi unaolingana. Iliongeza kitenzi kingine: "alitaka kumzuia".