Mfupa Wangu Una Miaka Mingapi

Huku Ubelgiji, ikifika siku yako ya kuzaliwa, wewe ndiye unayewanunulia wenzako keki. Msiniulize kwa nini. Juzi msimamizi wetu kazini, mama mwema kabisa, alitazama kompyuta yake akanigeukia na tabasamu: wiki ijayo ni zamu yako! Nikacheka, nikasema nitaleta. Halafu nikarudi kupanga masanduku nimenuna, hata mwenzangu Mmoroko akaniuliza nani kanikosea. Nimweleze nini? Tarehe ile siyo aliyonizaa mama yangu. Nimepewa na hospitali.

Mliopita njia hii mmeshaelewa. Wengine nisikilizeni.

Nilifika huku mwaka 2018, peke yangu. Kwa nini niliondoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, sitaeleza. Asiyejua afungue redio. Nilisema nina miaka 16. Mfukoni nilikuwa na kadi ya kura iliyosema nina 19. Ninyi wa Kivu acheni kucheka, mnajua ilivyopatikana. Nchi yetu haikutupa kitambulisho cha taifa, kadi ya kura ndiyo kila kitu: ndiyo laini ya simu, ndiyo benki, ndiyo ya kumwonyesha askari kwenye bariere ili asikushushe garini. Walipokuja kuandikisha watu mwaka 2017, kijana gani mwenye urefu wa kutosha alibaki nyumbani eti hajatimiza 18? Nilikwenda na wenzangu wa darasa. Hata mwalimu alituona kwenye foleni, akatusalimia.

Basi afisa akaitazama kadi, akanitazama mimi, akaandika kwamba ana shaka. Nikapelekwa kupigwa picha za mionzi: meno, kifundo cha mkono, na mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Nilifunguliwa kinywa kama ng'ombe wa sokoni. Nesi alikuwa mpole, alinipa hata maji. Baadaye sana ndipo nilijua kwamba picha za mifupa wanazolinganishia kifundo cha mkono zinatokana na watoto wa Cleveland, Marekani, wa miaka ya 1930, wazungu wa familia zinazojiweza. Mfupa wangu uliokulia bugali na lenga-lenga pale Kadutu ukashindanishwa na mtoto wa daktari wa Ohio aliyekunywa maziwa kila asubuhi. Na msidhani haya ni manung'uniko yangu tu. Baraza la madaktari wa Ubelgiji wenyewe lilitoa maoni mwaka 2010 ya kutilia shaka vipimo hivi.

Jibu halikuja namba moja. Lilikuja kama kati ya hapa na pale, na sheria inasema wachukue umri wa chini kabisa. Wangu ulitoka 17 na mwezi mmoja hivi. Nikawa mtoto, lakini mtoto wa kumalizikia. Kijana wa Guinea tuliyelala chumba kimoja wa kwake ulipita 18. Akakunja blanketi akahamishiwa kwa watu wazima, wala hakuniaga. Mimi wakahesabu nyuma kutoka siku ya kipimo, wakapata tarehe, ikaingia kwenye karatasi zote. Mwezi wa 10 mwaka 2001.

Mama yangu anasema volkano ya Nyiragongo ilipoumwagia moto mji wa Goma, Januari 2002, mimi nilikuwa bado tumboni. Anakumbuka vizuri kwa sababu waliokimbia Goma walikuja Bukavu kwa mashua, yeye akawapikia na tumbo lake mbele hivi. Nikimwonyesha kitambulisho changu anauliza: kwa hiyo volkano ilipomwagika wewe ulikuwa umeshakaza shingo?

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Kwetu, katika maisha yangu yote, sikumbuki mtu mzima aliyeniuliza nina miaka mingapi. Waliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipotelemka bonde la Ruzizi kwenda Uvira, kisha Bujumbura, swali lilikuwa hilo hilo kila nilipofika jioni. Nikitaja jina la baba, na kanisa tunalosali, na mtaa, mama wa watu anatafuta ndani ya kichwa chake mpaka apate uzi: aa, basi bibi yako alikuwa rafiki ya shangazi yangu! Uzi wenyewe pengine ulikuwa wa uongo, lakini mkeka ulitandikwa na sahani ikaja. Huku hakuna aliyetaka kujua mimi ni mtoto wa nani mpaka siku ya mahojiano ya hifadhi, na siku hiyo walitaka ili wahakiki. Jina la baba? Tarehe ya kuzaliwa ya baba? Nani kati yenu anajua tarehe ya kuzaliwa ya baba yake?

Najua mnangoja niseme kwetu ndiko bora. Sisemi. Wala sisemi kwamba huku ni bora, tulieni.

Nauliza tu: yule asiye na jibu la "mtoto wa nani" tulimfanyia nini? Maibobo, wale watoto wa mitaani waliojaa Nyawera na soko la Kadutu, walikuwa watoto wa nani? Tuliwajua kwa sura, tulijua na pembe wanayolala. Tuliwaita maibobo tukashika mikoba vizuri. Uzi ulikosekana, basi. Na watu hao hao wasiokuuliza umri kabla ya kukupa bugali hawakuuliza umri kabla ya kukupa bunduki. Kadogo, wale watoto askari wa 1996 walioingia mijini wameburuza buti zisizo saizi yao, nani aliwapima mtulinga? Kule Kamituga hakuna aliyepigwa picha ya mfupa kabla ya kushuka shimoni kutafuta dhahabu. Umri usipohesabika, hauhesabiki hata siku unapokuwa ndiyo kinga yako pekee.

Niliposema haya kwenye kikundi cha familia, baba mdogo alinijibu kwa sauti ya dakika nne. Eti nilipofika Bulaya nimeanza kuwadharau. Mtoto wa Kiafrika hawezi kuwa peke yake, ana ukoo. Eti wazungu ndio wanaohitaji serikali iwateulie mlezi kwa sababu hawapendani.

Baba mdogo, shikamoo, lakini ukoo uko wapi? Wewe unanijibu ukiwa kambini Nyarugusu, Tanzania, na umeshaozesha wajukuu hapo. Shangazi yuko Nakivale, Uganda. Mtoto wake yuko Dzaleka, Malawi, anasubiri ndege ya Canada inayoahirishwa kila mwaka. Ukoo wetu umekuwa ramani ya UNHCR, shirika la wakimbizi. Mnanipenda, najua. Kila mmoja wenu angenipa nusu ya mgao wake. Lakini usiku ule nilioingia kituoni, nani kati yenu angekuja kutia sahihi?

Mwenye kutia sahihi alikuwa mama mmoja Mflamandi, yaani Mbelgiji wa Kiholanzi, mwalimu mstaafu. Huku mtoto mgeni aliye peke yake anapewa mlezi wa kisheria, sisi tunamwita tuteri. Mwanzoni nilimwona kama adhabu. Nilikuwa nimelisha wadogo zangu tangu baba aondoke, nimevuka mipaka usiku, halafu nataka kwenda na darasa baharini Oostende naambiwa lete karatasi isainiwe na mkubwa wako! Hakujua Bukavu iko wapi, na mwezi mzima aliniita kwa jina la babu yangu akidhani ndilo langu. Lakini nikikosa shule, simu inalia kwake. Nikiitwa mahojiano, anaketi kando yangu na kalamu, na afisa akiuliza swali mara ya pili anakohoa. Alikuja hata kikao cha wazazi, akaketi kati ya akina mama, akaandika alama zangu mbaya za Kiholanzi kwenye daftari lake. Upendo naujua, nimelelewa nao. Hii ya mtu kuwajibika kwa ajili yangu mbele ya sheria sikuwahi kuiona.

Na wale mnaodhani huu ni wema wa kuzaliwa nao wazungu, subirini. Mwaka 2002 msichana wa Kikongo wa miaka 5, yuko njiani kwenda kwa mama yake aliyekuwa mkimbizi Canada, alifungiwa kwenye kituo cha watu wazima karibu na uwanja wa ndege wa Brussels takriban miezi miwili, kisha akapandishwa ndege peke yake kurudishwa Kinshasa. Hapakuwa na ndugu wa kumpokea. Kelele zikapigwa. Sheria ya walezi ikapitishwa Desemba mwaka huo huo, ikaanza kutumika Mei 2004, na mwaka 2006 mahakama ya haki za binadamu ya Strasbourg ikaihukumu Ubelgiji kwa alichotendewa mtoto huyo. Kwa hiyo mtu akiniambia tuteri ni desturi ya kizungu, namwambia yule msichana wetu alianza kulipia kabla yangu.

Nikisema hivyo tena, wa upande wa pili wananirukia. Kuna Wakongo wa zamani huku, wenye nyumba na magari, wanaosema ninyi vijana mnadanganya miaka, mnatuharibia jina. Wapo wanaodanganya, ndiyo. Kadi yangu ya kura ilidanganya kwa miaka mitatu. Mashine nayo ikanidanganyia miezi kadhaa, lakini ya mashine inaitwa sayansi. Na mtanisamehe, mnajua 18 ina maana gani huku siku hizi? Agosti 2023 serikali ilitangaza kwamba wanaume waomba hifadhi wasio na familia hawatapewa tena nafasi vituoni kwa muda. Mahakama ya utawala ikasimamisha uamuzi ule mwezi uliofuata. Majira ya baridi kabla ya hapo mahema yalijipanga kando ya mfereji wa Brussels, ndani yake vijana wenye vyeti vya kuomba hifadhi. Mwezi mmoja zaidi kwenye mfupa, na godoro linakuwa lami.

Tena kuna mama. Mtoto akikubaliwa kuwa mkimbizi anaweza kuwaita wazazi wake. Mtu mzima hawezi. Nilipokubaliwa, miaka ya hospitali ilikuwa imeshapita 18, ya mama bado. Kilichoniokoa ni hukumu ya mahakama ya Umoja wa Ulaya ya Aprili 2018, kesi ya msichana wa Eritrea aliyekuwa Uholanzi: aliyeomba hifadhi akiwa mtoto habadilishwi kuwa mkubwa na ucheleweshaji wa ofisi. Tuteri ndiye aliyeniambia niharakishe, kuna miezi mitatu tu. Kazi yake ilikuwa imekwisha kisheria siku nilipotimiza 18 yao, halipwi tena hata senti, na bado alikuja kwa basi kunijazia fomu. Hilo sheria haikumlazimisha. Baba mdogo, angalia na hilo.

Leo mama anaishi nami, analalamika kuhusu baridi na bei ya sombe, na kila anayemtembelea anamwambia vile vifaa vya hospitali ya hapa havijui kuhesabu.

Februari 2025 mji wetu ulipotekwa, mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, alivuka Ruzizi na umati akaishia Burundi, sasa yuko kambini Musenyi. Yuko peke yake. Wiki iliyopita aliniandikia, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: yaya, wakiniuliza niseme nina miaka mingapi? Nikamjibu sema ukweli, usiongeze wala usipunguze. Akajibu upesi: ukweli upi? Mama anasema 15. Kadi ya ubatizo inasema 16, padri aliandika kwa kukisia.

Nilikaa na simu mkononi. Halafu nikamwandikia: ya padri ina muhuri, itunze isilowe.