"Isizidi" si sawa na "usiguse"

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, chumvi iwe chini ya gramu 5, na sukari, pamoja na ile ya asali na juisi, isifikie asilimia 10 ya nishati yote. Kwa anayekula kalori 2,000, hiyo ni takriban gramu 50. Hivyo ni viwango. Hakuna palipoandikwa sifuri, lakini kuna watu ambao kila kiwango wakikisikia hukigeuza marufuku.

Mwaka 1997 daktari Mmarekani, Steven Bratman, aliipa hali hiyo jina: othoreksia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "sahihi" na "hamu ya kula". Haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013 wala marekebisho ya 2022. Kwa maoni yangu, hilo lisimcheleweshe mtu kutafuta msaada.

Marufuku huanza na sukari, ikafuata ngano, maziwa, nyama, mwisho mafuta. Kila hatua husifiwa, na ndiyo maana jamaa huchelewa kushtuka. Mwili nao hudanganya. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu za vitamini B12 kwa siku, na ini huwa na akiba ya miaka. Aliyeacha vyakula vyote vya wanyama bila kutumia vidonge vya vitamini hiyo hujiona mzima kabisa, anaamini mpango wake umefaulu, mpaka miguu ianze kufa ganzi. Saladi isiyo na tone la mafuta nayo ina hasara, kwa sababu vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta. Nishati ikipungua mno, hedhi hukatika, mapigo ya moyo hupungua, mifupa hudhoofika.

Akili nayo haisalimiki. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota la 1944 hadi 1945, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa takriban miezi sita. Wakawa hawawazi kingine ila chakula. Baadhi yao walikusanya vitabu vya mapishi. Njaa yenyewe ndiyo iliyozaa uraibu huo wa mawazo. Mwenye othoreksia huyaona mawazo hayo kuwa udhaifu wake, akaongeza masharti.

Kwa hiyo usichunguze sahani, chunguza kinachotokea sharti likivunjwa. Anayeepuka karanga kwa sababu ya mzio ana sababu ya kitabibu. Anayekataa mwaliko, au anayefunga siku nzima kufidia kipande cha keki, huyo anahitaji msaada.

Kurudi kunawezekana. Andika vyakula vyote ulivyojikataza, uvipange kuanzia kinachokutia hofu kidogo. Kula kiasi kidogo cha hicho cha kwanza ndani ya mlo wa kawaida, mara tatu au nne kwa wiki, hofu ikishuka nenda cha pili. Wengi hukwama kwa kuanza na kinachotisha zaidi, au kwa kujifidia kesho yake kwa kufunga au mazoezi makali. Ukijifidia, akili inaamini adhabu ndiyo iliyokuokoa, na hofu inabaki palepale.

Ila aliyekonda sana, au aliyekula kidogo mno kwa zaidi ya siku 10, aanzie hospitali. Wanga ukiingia kwa wingi ghafla, homoni ya insulini husukuma madini ya fosfeti ndani ya seli, ya kwenye damu ikashuka, na moyo unaweza kushindwa kufanya kazi. Apimwe fosfeti, potasiamu na magnesiamu kabla ya kuongezewa chakula, na tena wakati anaongezewa.

Nanyi jamaa, msibishane naye kuhusu virutubisho. Amesoma kuliko ninyi. Mwulizeni ni lini mara ya mwisho alikula na watu.