Andikeni Ch'ínílį́ kwanza

Ukipata ramani ya zamani ya Chinle, mji mdogo wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, katika jangwa la juu la Arizona, anza kuitazama upande wa mashariki. Huko kontua, ile mistari ya kahawia inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zimebanana hadi zinakaribia kuwa mstari mmoja mnene. Hizo ni kuta za Canyon de Chelly, ambazo ndani kabisa hupanda zaidi ya mita 300. Fuata korongo hilo kuelekea magharibi, utaona kuta zikishuka, na mdomoni zinabaki kama mita 10 tu. Hapo kontua zinaachana, mkondo wa maji ya msimu unatoka nje, na mji umekaa papo hapo.

Sasa jina. Kwa Kinavajo mji huo ni Ch'ínílį́, yaani mahali maji yanapotoka nje. Wenyeji waliisoma ardhi ile kabla mpimaji yeyote hajafika na vifaa vyake, wakaifupisha kwa neno moja.

Ndiyo maana inaniuma kuona karatasi imeandikwa "Chinle" basi. Chelly imeumia zaidi: asili yake ni Tséyi', "ndani ya mwamba", neno lililopita vinywani mwa Wahispania likatoka bila maana. Mkataba wa 1868 na serikali ya Marekani, uliowarudisha Wanavajo kwao kutoka kifungoni Bosque Redondo huko New Mexico, ulisisitiza kwamba mpaka wa magharibi ujumuishe mdomo wa korongo hili, halafu ukaliandika "Canon-de-Chilly". Mahali palithaminiwa, jina likapuuzwa.

Wapo watakaosema nafasi ni finyu na herufi za Kinavajo zina alama nyingi. Sikubali. Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, imetenga kijani kwa mimea, buluu kwa maji, na katika ramani za zamani hata zambarau kwa marekebisho yaliyotokana na picha za angani. Kwa kipimo cha 1:24,000, sentimita 1 ni mita 240, na jangwani sehemu kubwa ya karatasi ni tupu.

Ramani za zamani, tangu zile za 1884, zisiguswe. Ni ushahidi, na ni vizuri kwamba yeyote anaweza kuzipakua bure. Lakini familia za Wanavajo bado zinalima mahindi ndani ya korongo lile. Toleo lijalo liandike Ch'ínílį́ kwanza, kwa herufi kubwa, pale pale kontua zinapoachana, na "Chinle" ifuate chini yake.