Mbegu ya dunia ya gemu: mchezaji aioneshwe?

Wapo wachezaji wa Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga, wanaolalamika kwamba mbegu, ile namba inayozalisha dunia, inaua utamu wa gemu. Lalamiko lina msingi, ila mbegu yenyewe haina kosa. Kompyuta hubahatisha kwa hesabu: inapewa namba ya kuanzia, inaipitisha kwenye kanuni, inapata namba nyingine, na kuendelea hivyo mpaka mito na mapango yapate mahali pake. Ukiacha nafasi ya mbegu wazi, gemu inajichagulia yenyewe. Ubishi wa maana ni kama mchezaji aioneshwe.

Mwaka 1984 gemu ya Elite ilibeba galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja, ndani ya kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Sayari hazikuhifadhiwa, zilikokotolewa upya kila zilipohitajika. Leo kijana wa Nkuhungu akipata dunia nzuri anamtumia rafiki yake namba tu kwa WhatsApp, bando halijatikisika, na mlima uleule unatokea kwa mwenzake. Nyumba aliyoijenga haiendi, maana namba huleta dunia ilivyokuwa kabla hajaigusa. Kwa mtengenezaji ndiyo zaidi: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akiambiwa mhusika wa gemu yake kanasa ndani ya mwamba, bila mbegu atautafuta mwamba huo mpaka achoke.

Upande wa pili haudharauliki. Kwenye seva, yaani pale watu wengi wanapocheza dunia moja kwa mtandao, mwenye namba anaiingiza kwenye ramani za mtandaoni zinazoonesha kilichomo na kuanza kuwinda vijiji na ngome, huku wenzake wakizurura gizani. Kuificha kunasaidia, lakini si dawa: wajuzi huikokotoa kutokana na mahali majengo yalipoangukia. Wanaoshindania muda wa kumaliza gemu walishatenganisha makundi, mbegu moja kwa wote au mbegu ya kubahatisha, na naona hapo walitumia akili.

Mimi ningeificha kwenye seva, na kwa anayecheza peke yake ningeiweka kwenye mipangilio, aitafute akitaka. Anayeitunza aandike na toleo la gemu: toleo la 1.18 la Minecraft, la Novemba 2021, lilibadili kanuni za ardhi, na namba zilezile za zamani zikaanza kuleta milima mingine kabisa.