Kitabu Alichokipenda Mkutubi

Ingia katika maktaba nyingi za miji ya Afrika Mashariki saa nne asubuhi: viti vimejaa, rafu zimetulia. Wanafunzi wamekuja na madaftari na vitabu vyao wenyewe. Wanachotafuta ni meza, mwanga na ukimya. Machoni pao mkutubi ni mtu wa kukagua mikoba na kuwanyamazisha wanaonong'ona. Ndiyo maana wazo la wafanyakazi wa maktaba kutenga rafu ya vitabu na filamu wanavyovipenda wao wenyewe, kila kimoja na kikaratasi cha kueleza kwa nini, linaweza kuonekana dogo. Mimi naliona kubwa, ingawa lina hatari ambayo wanaolipigia debe huipita mbio.

Tuanze na faida. Namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu humwambia msomaji kinakaa wapi, haimwambii kama kitamkosesha usingizi. Na kwetu sisi swali la kusoma nini limejibiwa na mtihani kwa muda mrefu mno. Riwaya au diwani ikiteuliwa kuwa ya kutahiniwa, huchapwa na kuuzwa kila kona. Isipoteuliwa, hata iwe na Kiswahili kitamu namna gani, yaweza kukaa rafuni miaka bila kuguswa. Mkutubi ni miongoni mwa watumishi wachache wa umma wanaoweza kumpa kijana kitabu bila kumwekea swali la alama 20 mwishoni. Akimwambia tu, "Hiki nilikisoma kwenye daladala nikapitiliza kituo," amefanya jambo ambalo mwalimu mwenye muhtasari wa kumaliza hapati nafasi ya kulifanya.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliliweka vizuri katika mbili kati ya kanuni zake tano za ukutubi za mwaka 1931: kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Hiyo ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Kitabu nacho kinadai kutafutiwa mtu.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba tusiende haraka. Mwaka huohuo wa 1931 Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi, na kwa zaidi ya robo karne ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuhesabiwa miongoni mwa wasomaji wenye vitabu vyao. Baadaye, mwaka 1948, ikaundwa East African Literature Bureau, taasisi ya serikali ya kikoloni, kuchapa na kusambaza vitabu kwa Waafrika, yakiwemo masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mbali na miji. Kazi ile ilikuza waandishi na lugha, sitaki kuidharau. Lakini ilisimama juu ya imani kwamba kuna mtu ofisini anayejua kipi kinamfaa Mwafrika kusoma. Kwa hiyo anayeshika ufunguo wa rafu akisema "hiki ni kizuri", sauti yake ina uzito ambao sauti ya rafiki haina. Kupendekeza na kuchuja ni majirani wa ukuta mmoja.

Hatari hii haikuondoka na wakoloni. Wafanyakazi wakiwa wa rika moja, dini moja, wote wapenzi wa riwaya za Kiingereza, rafu yao itafanana nao, na mama anayetaka hadithi za Kiswahili za kumsomea mjukuu ataiona kama mlango mwingine usio wake. Kuna pia suala la siri. Ili nikupendekezee vizuri lazima nijue unachosoma, na si kila anayetafuta kitabu cha talaka au cha ugonjwa anataka kuulizwa mezani, mbele ya foleni.

Upande wa filamu tuna somo letu wenyewe. Zama za kaseti, watu wengi waliyaita maduka ya kukodisha filamu "maktaba ya video", na jina liliyastahili. Muuzaji mzuri alikumbuka ulichorudisha jana na kama ulikipenda, ndipo akakupa kingine. Hakuanza na alichokipenda yeye.

Hapo ndipo ninaposimama. Rafu iwepo, lakini kikaratasi kisiandikwe "Maktaba inapendekeza". Kiandikwe jina la mtu: ni mimi fulani, nimekipenda kwa sababu hii. Ladha ya mtu mmoja inabishika, tamko la taasisi halibishiki. Mfagizi na mlinzi wa mlangoni nao waandike vyao. Mezani mkutubi atangulize swali: kitabu gani cha mwisho kilikukolea? Asiyetaka kujibu asisukumwe.

Na msomaji apewe ruhusa ya kukataa. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyeanzisha mpango wa mji mzima wa Seattle kusoma kitabu kimoja mwaka 1998, ana kanuni inayofaa kubandikwa kwenye rafu yenyewe: soma kurasa 50, kisipokushika kiache, ukishapita umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, zinazobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Babu wa miaka 70 atasoma 30, kisha atakirudisha mezani kwa yule aliyekisifu na kumwambia kwa nini hakikumwingia.